Miduara ya Mwanga Katika Picha za Usiku

Picha ipigwayo usiku kwa taa ya kamera huweza kuonyesha miduara myeupe ambayo macho hayakuiona. Wengi hunena kuwa ni mizimu. Kumbe ni vumbi au matone ya mvua yaliyo karibu mno na lenzi: hurudisha mwanga wa taa, na kwa kuwa lenzi haiwezi kuyapatia taswira kamili, hutanuka yakawa miduara.

Wapo waliolipia imani ya namna hii. William Mumler, aliyeshtakiwa New York mwaka 1869 na kuachiliwa kwa upungufu wa ushahidi, aliwauzia wafiwa picha za "roho" za marehemu wao.

Hivyo mwalimu asimcheke mwanafunzi aletaye picha kama hiyo. Wakung'ute kifutio cha ubao gizani, wapige picha kwa taa ya kamera, kisha kwa kurunzi iliyowekwa mbali na lenzi, walinganishe.