Majibu ya figo yaeleweke

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe dukuduku langu kuhusu majibu ya vipimo vya figo tunayopewa wananchi.

Mama yangu, mkulima wa hapa Ntalikwa, ana miaka 68 na shinikizo la damu la siku nyingi. Mwaka jana alipimwa damu katika hospitali moja. Karatasi iliandikwa kreatinini 105, na pembeni kipimo cha kawaida 60 hadi 110. Tukaambiwa hana tatizo. Tulirudi kwa furaha, naye akaendelea kumeza vidonge vya maumivu ya magoti karibu kila siku.

Baada ya miezi minne miguu ikavimba. Daktari mwingine aliisoma karatasi ile ile akatufumbua macho. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na figo ndizo huitoa mwilini. Kijana mwenye misuli huizalisha kwa wingi, bibi mwembamba huizalisha kidogo. Hivyo namba moja haiwi na maana moja kwa wote. Kwa hesabu ya umri na jinsia, mwanamume wa miaka 25 mwenye 105 figo zake huchuja mililita 87 hivi kwa dakika. Za mama ni 50 tu. Kiwango kikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Mama alipimwa tena, hali ikawa ile ile, na mkojo ukaonyesha protini. Vidonge vile vikapigwa marufuku siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hakuficha kitu, Mhariri. Karatasi ndiyo iliyoficha.

Wapo watakaosema wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini hesabu hii haihitaji mashine mpya wala damu nyingine. Inahitaji umri, jinsia na namba ambayo tayari ipo. Nawaomba wahusika kila maabara iandike kiwango cha uchujaji kando ya kreatinini, na wenye kisukari au shinikizo la damu wapimwe na protini ya mkojo.

Nasi wananchi tuulize: figo zangu zinachuja kiasi gani? Karatasi za zamani tusizitupe, maana daktari hulinganisha.

Tunajivunia kwamba mwaka 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini. Lakini kwa mtu wa Ntalikwa, kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki ni safari na gharama zisizobebeka. Heri kugundua mapema.

Msomaji wako,
Mkulima,
Ntalikwa, Tabora.