Acheni Kutibu Njaa ya Chokaa kwa Dawa

Ndugu mfugaji wa Maore, yai likitoka na ganda laini unakimbilia duka la dawa za mifugo kununua pakiti ya tetrasaiklini. Muuzaji naye anakupa bila hata kuuliza kuku wako wanakula nini. Fedha imepotea, na mlaji anabaki kula mabaki ya dawa kwenye yai.

Tufanye hesabu. Ganda la yai moja lina kalsiamu gramu 2 hivi. Kwa kuwa si yote anayokula inayoingia mwilini, kuku anayetaga anahitaji kama gramu 4 kwa siku, ndani ya chakula cha gramu 110 hadi 120. Mahindi karibu hayana kalsiamu kabisa. Pumba za mpunga, ambazo huku kwetu hazitupi shida kuzipata, nazo zina kidogo mno. Basi kuku anakopa kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka miguu inaisha nguvu. Hapo ndipo unapoambiwa ni ugonjwa!

Katika kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga weka chokaa ya mifugo kilo 9 hivi, kwa mizani. Makonzi mawili ya kukadiria kwa macho hayatoshi. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse, inaunguza.

Nusu ya chokaa hiyo iwe chenga, ukubwa kati ya punje ya ulezi na ya mtama. Ganda hujengwa zaidi usiku, wakati kuku hali. Chenga hubaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole mpaka alfajiri; unga mtupu hupita mapema. Lakini mitetea ambao hawajakaribia kutaga wasipewe chakula hiki, kitawaharibu figo.

Sikatai, kideri nacho huharibu maganda. Ila kideri hakiji kimya: utagaji unaporomoka ghafla, kuku wanakoroma, wengine wanakufa. Ukiona hivyo niite siku hiyo hiyo. Joto la huku bondeni nalo hupunguza unene wa ganda, kwa hiyo lisha asubuhi na jioni, na maji yawe ya baridi.

Nawe mchuuzi unayehesabu mayai yaliyopasuka kwenye trei ukifika Same, usiilaumu barabara ya Kisiwani peke yake. Muulize mfugaji wako anachanganyaje chakula. Na wewe mfugaji, muulize anayekuuzia chakula ameweka kilo ngapi za chokaa kwenye mfuko. Akibabaika, changanya mwenyewe.