Kobe Alipata Watetezi, Binadamu Akafukuzwa

Wapo watu, hata miongoni mwa wasomi wa Afrika, wanaoamini kwamba hifadhi ya viumbe ni jambo safi lisilo na siasa ndani yake. Wakisikia kwamba dola kubwa imetenga visiwa vya mbali kwa ajili ya ndege na samaki, hupiga makofi bila kuuliza visiwa hivyo ni vya nani na wenyewe wako wapi. Historia ya Bahari ya Hindi inatosha kuwazindua.

Kaskazini-magharibi ya Bukini kiko kisiwa cha matumbawe cha Aldabra, mali ya Shelisheli. Hapo wanaishi kobe wakubwa wapatao 100,000, na dume aliyekomaa huweza kufikia uzito wa kilo 250. Jamaa zao wa Morisi, Réunion na Rodrigues walikwisha kuangamizwa tangu zamani. Mabaharia wa Ulaya waliwapakia melini wakiwa hai ili wawe kitoweo cha safari. Kobe wa Aldabra walisalia kwa kuwa kisiwa chao kiko mbali, ni kikavu, na kimejaa miamba mikali. Mwaka 1874 Charles Darwin na wataalamu wenzake walimwandikia gavana wa Morisi wakiomba kobe hao walindwe.

Mwezi Novemba 1965, wakati ambapo makoloni yalikuwa yakivunjwa duniani kote, Uingereza iliunda koloni jipya. Ilivikata visiwa vya Chagos kutoka Morisi, na Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli, ili yeye na Marekani wapate mahali pa kuweka kambi za kijeshi. Aldabra ilikusudiwa kujengwa uwanja wa ndege za kivita. Wanasayansi wakiongozwa na Royal Society ya London walipinga kwa nguvu, na maswali yakamiminika bungeni. Novemba 1967, paundi iliposhushwa thamani, mpango huo ukafutwa. Kobe wakanusurika.

Lakini kambi ilijengwa Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos. Huko hakukuwa na kobe mashuhuri. Kulikuwa na watu, wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika na Bukini, ambao kwa vizazi vingi walizaliwa na kuzikwa hapo. Mwaka 1966 afisa mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliandika kwamba shabaha ni kupata miamba isiyo na wenyeji isipokuwa shakwe, ambao bado hawajapata kamati ya kuwatetea. Kejeli hiyo ikageuzwa kuwa sera. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wananchi wote wa Chagos, wapatao 1,500 hadi 2,000, waliondolewa na kutupwa Morisi na Shelisheli. Mbwa wao walikusanywa na kuuawa kwa moshi wa magari. Je, wanasayansi wangapi waliandika barua kwa ajili ya watu hao?

Unafiki haukukomea hapo. Aprili 2010 Uingereza ilitangaza bahari ya Chagos kuwa hifadhi, na vyama vya hifadhi vya Magharibi vikashangilia. Mwaka huohuo ikafichuka barua ya siri ya ubalozi wa Marekani mjini London, ya Mei 2009, iliyoeleza kwamba afisa wa Uingereza alisema hifadhi hiyo ingewawia vigumu wenyeji kudai kurejea kwao. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mvuvi wa Chagos haruhusiwi kukaa kwao, lakini manowari na ndege za mabomu za Marekani zina nafasi. Mwaka 2015 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua kwamba Uingereza ilivunja sheria ya bahari kwa kutangaza hifadhi hiyo. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba Chagos ilitengwa na Morisi kinyume cha haki, na utawala huo wa kikoloni ukomeshwe upesi.

Je, yafaa basi kumchukia kobe? Hata kidogo. Kobe hana hatia, na waliomtetea walifanya jambo jema. Kosa liko katika mizani inayompima mnyama kwa ratili kamili na mtu mweusi kwa ratili pungufu. Tena ni uongo kudai kwamba viumbe husalimika tu vikiwa chini ya bendera ya mkoloni. Shelisheli ilipopata uhuru Juni 1976 ilirudishiwa Aldabra. Mwaka 1979 iliunda shirika lake la kuitunza, na mwaka 1982 kisiwa hicho kikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nchi ndogo na huru imewalinda kobe pasipo kumfukuza mwananchi hata mmoja kwa ajili ya mizinga.

Watanzania nao wana jambo la kujifunza karibu na nyumbani. Kobe wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ni wa ukoo wa Aldabra, na chimbuko lao ni kobe wanne walioletwa mwaka 1919 kama zawadi ya gavana Mwingereza wa Shelisheli. Katika miaka ya 1990 wezi waliwapunguza mno, wakiwauza nje. Uhuru pasipo uangalizi haumlindi mnyama, kama vile uangalizi pasipo uhuru usivyomlinda mtu.

Kwa hiyo mwalimu anayewapeleka wanafunzi Changuu asiishie kuwaonyesha ukubwa wa gamba. Awaeleze pia habari za Chagos. Na mtumishi wa serikali anayeletewa mpango wa hifadhi wenye picha nzuri na fedha za kigeni, kabla ya kutia saini aulize maswali mawili: nani anaondolewa, na nani anabaki na bunduki? Asipopata jibu, kalamu na ibaki mezani.