FBI ikibisha mlango Marekani, ndugu yako atafute avoka kwanza

Familia nyingi za Kivu leo ziko na mtoto, kaka ao shangazi Marekani: Louisville, Dallas, Dayton ao Des Moines. Wengi walipita kambi za Nyarugusu, Nakivale ao Kakuma. Wanafanya kazi kwa jasho na kutuma feza nyumbani. Lakini kuna jambo tunaloongea kwa sauti ya chini: ndugu anapotafutwa na serikali kuu ya kule kwa makosa ya feza. Pengine alidanganya kodi, ao aliomba mkopo wa wakati wa Korona kwa kampuni isiyokuwepo. Pengine mtu « anayejua Kiingereza » ndiye alijaza karatasi, yeye akaweka sahihi tu.

Siku hiyo simu inalia Bukavu ao Uvira, na sisi tunatoa shauri letu la kila siku: « Nenda uwaeleze, watakuelewa. » Kwa maoni yangu, shauri hilo linaweza kumuharibia maisha.

Katika makosa ya namna hii, wachunguzi wa kule mara nyingi wanabisha mlango wakati wameisha kupata karatasi za benki. Wanachouliza, pengine wanakijua tayari. Kuwadanganya ni kosa lingine, linaloweza kuleta miaka 5 ya gereza, hata kama mtu hakuapa. Kuchoma karatasi ao kufuta ujumbe ili kuzuia uchunguzi kunaweza kufikisha miaka 20. Lakini sheria inamruhusu mtu kunyamaza. Inatosha aseme: « Nitaongea nikiwa na avoka. » Asiye na uwezo, akiisha kushitakiwa, tribinali inamupa avoka.

Asijidanganye pia kwamba mambo yamesahaulika. Tangu 2022, sheria inaipa serikali miaka 10 ya kufuata udanganyifu katika mikopo ile. Kosa la 2020 linaweza kushitakiwa hata 2030.

Zaidi ya watu 90 kwa 100 wanaohukumiwa katika tribinali hizo ni wale waliokubali kosa wenyewe. Hapo kiasi cha feza zilizopotea kina uzito mkubwa katika hesabu ya miaka. Kwa mtu wetu asiye raia, kuna alama moja ya hatari: dola 10 000. Udanganyifu ukipita hapo, anaweza kufukuzwa inchini hata akiwa na kadi ya kijani. Tangu 2010, Mahakama Kuu ya kule inadai avoka amueleze mteja hatari hiyo mbele ya kukubali kosa. Basi amwambie avoka wazi kama yeye ni mkimbizi, ana kadi ao ni raia. Na aombe mkalimani wa kweli, siyo mtoto wake.

Mbele ya hukumu, afisa wa tribinali anaandika ripoti juu ya maisha yake: afya, familia, madeni, kazi. Ripoti hiyo inamfuata mpaka gerezani. Karatasi za daktari na za watoto zikusanywe mapema. Tena, katika magereza ya serikali kuu, kuachiliwa mapema kwa masharti kulifutwa kwa makosa yaliyofanyika tangu Novemba 1987. Mwenye tabia nzuri anaweza kupunguziwa mpaka siku 54 kwa kila mwaka wa hukumu. Kwa hiyo familia ipange mapema: nani atabaki na watoto, nani atalipa nyumba?

Sisemi tuwafiche wezi. Feza za watu zinapaswa kurudishwa, na jaji ataamuru hivyo. Lakini aliyekosa asiongeze kosa la pili kwa hofu na mashauri mabaya. Wachungaji na wakubwa wa jumuiya zetu kule watafute leo namba za maavoka wanaojua pia sheria ya wahamiaji. Na sisi huku, simu ikilia, tuulize kwanza: « Avoka wako anasema nini? »