Muvi za Kutafsiriwa si za Washamba, Acheni Hizo

Nimekuwa kimya, najua. Nilikuwa likizo nyumbani Morogoro, na kazi kubwa niliyofanya huko kusema ukweli ni kula na kuangalia muvi. Nimerudi chuo Jumapili jioni, begi sijafungua vizuri, tayari nimeshagombana na mtu. Ndo maana naandika hii usiku badala ya kumalizia asaimenti ya Alhamisi.

Kisa ni flashi. Rumeti wangu aliiomba aone nimekuja na nini kipya. Akaichomeka kwenye laptop, akakuta vipande vya Sultan, ile tamthilia ya Kituruki yenye sauti za Kiswahili, pamoja na muvi tatu za Kichina za ngumi ambazo jamaa mmoja anazitafsiri mwanzo mwisho. Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Kaka, mwaka wa tatu chuo kikuu unaangalia muvi za kutafsiriwa? Hizi si za kwenye vibanda umiza?" Akaita na wa chumba cha pili waje washuhudie. Mmoja akamalizia kwamba ndo maana Kiingereza cha Watanzania hakipandi.

Nilimjibu vibaya, na hapo sijisifu. Jibu zuri limenijia baadaye, kama kawaida, niko bafuni na sabuni machoni. Hili hapa.

Tuanze na sisi wenyewe tunaojidai. Semista iliyopita tuliangalia Tenet, ile ya Christopher Nolan ya mwaka 2020. Sasa muvi ile, watu wa Marekani na Uingereza, waliozaliwa na hicho Kiingereza, walilalamika kwamba mazungumzo hayasikiki, muziki unayafunika na wahusika wanaongea wamevaa vinyago. Sisi tulikaa watu kumi na mbili kwenye chumba cha wanne, spika moja imepasuka, sabutaito hakuna, tukatoka tunapigana mabega: "Kali hiyo!" Nikamuuliza huyu huyu rumeti, adui alikuwa anataka nini hasa? Akanijibu, "Aah, ile ni muvi ya muda, lazima uione mara mbili." Mara mbili! Mimi pia sikuelewa, ila nilicheka pale wenzangu walipocheka. Na nyie mnaonisoma mnajua mchezo huu, msijifanye.

Huko ndo kusema Kiingereza kimepanda?

Sasa njooni nyumbani. Pale kwetu TV ilipoingia, tulioimiliki ni sisi watoto, kwa sababu ndo tulikuwa "tunaelewa". Mama alikuwa anakaa dakika kumi za mwanzo. Anauliza, huyu ni nani? Mbona anamfukuza? Wamegombana nini? Sisi tunamwambia, "Subiri mama, nitakueleza." Muvi inasonga, hatuelezi. Baadaye anainuka taratibu, anasema anaangalia maharage, na harudi. Maharage yenyewe wakati mwingine hayapo jikoni. Nimekaa na jambo hilo miaka yote bila kuliona. TV ni ya nyumba, hela ya kuinunua ilitoka kwenye genge lake, halafu yeye peke yake ndo hajui kinachoendelea ndani yake.

Likizo hii nimekuta mambo yamepinduka. Saa mbili usiku Mama yuko kwenye kochi la katikati, remoti mkononi, jirani wawili wamekuja na vijukuu, na mimi ndo nauliza huyu ni nani. "Huyo Mahidevran, mama yake Mustafa. Nyamaza kwanza." Jamani! Mama anamchambua Hurrem kama anamchambua wifi yake. Anajua aliletwa mtumwa, anajua alipandaje, anajua kila hila aliyoitumia, na hamchukii. Anasema, "Ulitaka afanyeje, akae alie?" Ibrahim Pasha aliponyongwa, Mama alizima TV akakaa kimya. Halafu akasema Ibrahim alijisahau, alianza kudhani nguvu ya rafiki yake ni ya kwake. Nikaenda kuangalia historia kwenye simu, nikakuta ni kweli kabisa, Ibrahim aliuawa mwaka 1536 kwa amri ya Suleiman yule yule aliyempandisha, na watu waliosoma hawana maelezo yanayozidi sana hayo ya Mama. Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Uturuki mwaka 2011 na ikaisha mwaka 2014. Kwa Kituruki asingeiangalia. Kwa sabutaito za Kiingereza ndo kabisa. Azam TV walipoiweka Kiswahili, mama mwenye elimu ya darasa la saba akawa mchambuzi wa kasri la Istanbul.

Eti huo ni ushamba.

Rumeti aliposhindwa hapo akahamia kwa wale watafsiri wa sauti moja. Akasema, sawa, Sultan ina waigizaji wa sauti, kila mhusika na sauti yake, lakini wale wa mtaani wanaongopa. Hapa nakubali nusu. Wanaongopa sana! Nikiwa mdogo niliangalia muvi moja ya Kichina bandani, mtafsiri akatuambia adui anadaiwa kodi ya nyumba Manzese na ndo maana ana hasira. Steringi akiwa hoi anamtia moyo, "Amka baba, stering hauawi." Nimekuja kuiona muvi ile ukubwani na sabutaito, nikakuta yule mzee alikuwa analipiza kisasi cha mwalimu wake. Kodi haipo hata kidogo. Ila niwaambie ukweli, ya bandani ilikuwa tamu zaidi, na banda zima tulikuwa tunajua nani ni nani na kwa nini wanapigana. Marehemu Lufufu, ambaye wengi wetu tulikua na sauti yake, hakuwa anasoma maneno tu. Alikuwa anakusimulia kama babu anavyosimulia, anatangulia, anarudi nyuma, anakuonya. Kenya wana DJ Afro, watu wanazitafuta muvi kwa jina lake, muvi yenyewe ni ya pili. Kampala nako ma-VJ wanatafsiri kwa Kiganda, na ile muvi ya Wakaliwood, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya muvi hasa. Itoe uone kama dunia ingeijua.

Halafu ile hoja kwamba "nchi zilizoendelea" hazina mambo hayo. Kaka, umesoma wapi? Ujerumani, Italia na Hispania muvi za Hollywood kwa kawaida zinaingizwa sauti za lugha yao, na hakuna anayewaambia Wajerumani ni washamba. Poland ndo kiboko. Kwenye TV zao wanaye mtu wanayemwita lektor, mwanaume mmoja anayesoma maneno ya wahusika wote, mwanamke, mtoto, jambazi, kwa sauti ile ile moja, na sauti za asili zinasikika kwa mbali chini yake. Hebu niambie hiyo tofauti yake na ya mtaani kwetu ni nini, zaidi ya kwamba wa kwetu anachekesha?

Na Japani je? Enzi za filamu bubu, kila ukumbi ulikuwa na msimuliaji wake aliyesimama kando ya pazia, wakimwita benshi. Walikuwa mastaa. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi fulani, filamu baadaye. Kaka yake Akira Kurosawa, huyo Kurosawa wa Seven Samurai ambaye wanafunzi wa filamu hapa wanamtaja kila wakitaka kuonekana wana akili, alikuwa benshi. Filamu za sauti zilipoingia miaka ya 1930 ndo kazi ile ikafa. Kwa hiyo Mjapani akisimulia ni sanaa, Mtanzania akisimulia ni kibanda umiza.

Nyongeza moja, maana hii iliniuma niliposoma. Hapa hapa kwetu, mwaka 1935 hadi 1937, Waingereza walikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri kule Usambara. Walizunguka na lori lenye mashine ya kuonyeshea, filamu ni bubu, maelezo yanatoka kwenye santuri kwa lugha za watu. Safura, kuweka akiba posta, vitu kama hivyo. Siwasifii, walikuwa na ajenda yao na dharau yao. Lakini hata mkoloni, pamoja na dharau yote ile, alijua kwamba ukitaka mtu aelewe picha lazima umsemeshe kwa lugha anayoisikia. Sisi tumesoma mpaka chuo kikuu ndo hatulijui hilo.

Kuna kitu kimoja rumeti alisema nikanyamaza, na siwezi kukiruka. Alisema hizi ni za wizi. Ni kweli. Hizo za Kichina nimeingiziwa dukani, jamaa anakuuliza flashi ina nafasi kiasi gani anakujazia. Wenye muvi hawajapata hata senti, na mtafsiri naye analia hivyo hivyo, maana kazi yake inakopiwa duka la pili kabla jua halijazama. Hapo sina utetezi, mimi ni mteja wa wizi kama walivyo wengi wenu, na zile muvi zenu za Kiingereza "orijino" mnazojaza kwenye hadi diski nazo mlizinunua wapi?

Lakini dawa ya hilo si kucheka. Chuo hiki hiki kinatoa wahitimu wa Kiswahili kila mwaka, wengine wanarudi nyumbani kukaa. Kazi ya kutafsiri muvi ni ngumu. Inabidi maneno yaingie ndani ya muda mdomo ulipo wazi, utani wa Kituruki uwe utani wa Kiswahili, matusi yapungue bila hasira kupungua. Sijawahi kusikia kozi inayolifundisha hilo kama fani yenye heshima yake. Mwaka 2021 UNESCO walitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu hapo kila ikifika tarehe hiyo tunavaa vitenge, tunasoma hotuba, tunapiga picha. Kesho yake mtu akiangalia tamthilia kwa lugha hiyo hiyo tunamwita chumba kizima kije kimcheke. Tuchague moja jamani.

Na msinielewe vibaya, sisemi Mama anapenda kila kitu mradi ni Kiswahili. Nilimwekea Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji ya mwaka 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Kiswahili cha Unguja kitupu, hakuna cha kutafsiri, Zanzibar ya miaka ya 1950, picha nzuri mpaka unataka kuigusa. Mimi nilikuwa nimekaa roho juu. Mama akaangalia mpaka mwisho, akaniuliza, "Mbona wanatazamana tu muda mrefu hawasemi?" Nikaanza kumweleza mambo ya ukimya na kamera. Akasema ukimya anaujua, ila huu umezidi. Tukabishana mpaka saa tano. Mimi bado naona ni filamu bora kuliko zote nilizoona likizo hii, yeye anaona Yasmin angekuwa na akili za Hurrem mambo yangeenda haraka. Sijawahi kubishana na mama yangu juu ya filamu maisha yangu yote kabla ya usiku ule.

Basi. Rumeti amelala, flashi imerudi mfukoni kwangu. Mama amepiga jioni, anataka nikija Krismasi nimletee vipande vilivyobaki, Mustafa amefikia pabaya na kule kwetu dukani vimeisha. Nikajisahau nikaanza, "Ila mama, huyo Mustafa mwaka 1553..." Akakata simu.