Programu ya Wote, Jina la Mmoja

Kama kawaida, safu yetu ya teknolojia inaanza na neno, na neno la toleo hili ni wakfu.

Nimelichagua kwa sababu nilihitaji jina la Kiswahili la vyombo kama Linux Foundation. "Msingi" ni wa nyumba. "Taasisi" inabeba kila kitu, kuanzia benki hadi chuo chetu. Wakfu unakaribia zaidi: mwenye mali anaitoa, na tangu siku hiyo haiuzwi wala hairithiwi, inasimamiwa kwa manufaa ya watu. Pwani ya Afrika Mashariki na Oman watu wametoa wakfu visima, misikiti, nyumba na mashamba kwa karne nyingi, na Zanzibar ina kamisheni ya serikali inayosimamia mali za namna hiyo. Basi swali la leo ni hili: kampuni inapotoa programu yake kwa wakfu, inatoa nini hasa?

Tuchukue mfano wa Knative. Hii ni programu huria ya kazi zinazoitwa "bila seva". Jina hilo linapotosha kidogo, maana seva zipo, ila si wewe unayezihangaikia. Ni kama masufuria ya shughuli. Hakuna anayenunua masufuria ya kupikia pilau ya watu mia tatu kwa sababu ya harusi moja. Unakodi, unapika, unarudisha. Amazon ilipoleta huduma ya Lambda mwaka 2014, wazo hili lilienea sana: unaandika kipande cha msimbo, kampuni inakiendesha kinapoitwa tu, nawe unalipia muda uliotumika.

Shida ni kwamba masufuria ya kukodi yana mwenyewe. Msimbo ulioandikwa kwa mtindo wa kampuni moja, ukaunganishwa na hifadhi yake ya data na foleni zake za ujumbe, hauhamishiki kirahisi. Bei ikipanda, unalipa huku unanung'unika.

Julai 2018 Google ilitangaza Knative, ikishirikiana na kampuni kama IBM, Red Hat, Pivotal na SAP. Inakaa juu ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la kompyuta. (Kubernetes ni neno la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na ndiyo sababu nembo yake ni usukani wa meli.) Knative inaiongezea Kubernetes ule uwezo wa "bila seva": programu isiyo na wageni inapunguzwa hadi sifuri, na ombi likija inaamshwa. Kwa kuwa Kubernetes inaweza kuendeshwa kwenye wingu la kampuni nyingi, au hata kwenye kompyuta zako mwenyewe, ahadi ilikuwa kwamba ukichoka na mwenye nyumba mmoja unafunga virago na kuhamia kwa mwingine.

Hapo ndipo penye utata. Programu iliyoahidi kwamba hutafungwa na kampuni moja, yenyewe ilikuwa chini ya kampuni moja. Kubernetes haikuwa hivyo. Mwaka 2015, toleo lake la 1.0 lilipotoka, Google iliitoa kwa CNCF, chombo kipya kilichoundwa chini ya Linux Foundation. Wengi walitarajia Knative ifuate njia hiyohiyo. Oktoba 2019 Google iliwaambia washiriki kwamba haina mpango wa kuitoa kwa wakfu wowote kwa wakati ule. Wahandisi wa kampuni nyingine, ambao nao walikuwa wanaijenga, hawakufurahi.

Mtu atauliza: si msimbo ulikuwa wazi? Ndiyo, ulikuwa wazi. Leseni yake ni Apache 2.0, inayomruhusu mtu yeyote kunakili, kubadilisha na hata kuuza. Lakini kuna mambo matatu ambayo leseni ya namna hiyo haikupi.

La kwanza ni jina. Msimbo unaweza kuuchukua wote leo jioni, lakini Knative ni alama ya biashara, na huwezi kuuza bidhaa yako kwa jina hilo bila ruhusa ya mwenye alama. Wateja wanalijua jina. Msimbo hawausomi.

La pili ni uamuzi. Nani anakaa kwenye kamati, nani anakubali au kukataa mabadiliko, nani anapanga toleo lijalo litakuwa na nini? Leseni haisemi lolote kuhusu hayo.

La tatu ni kesho. Msimbo uliokwisha kutolewa unabaki wazi, lakini ule utakaoandikwa mwaka kesho unategemea mwenye mali. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ilibadilisha leseni ya matoleo yajayo ya Terraform, programu iliyotumiwa na wahandisi wengi sana, na kuweka masharti ya kibiashara. Waliopinga walichukua msimbo wa zamani wakaanza upya, na mwezi uliofuata mradi wao ukaingia Linux Foundation. Ila jina la Terraform hawakuweza kuondoka nalo. Mradi wao unaitwa OpenTofu.

Kwa hiyo kampuni inapotoa programu huria kwa wakfu, msimbo ndio sehemu ndogo kabisa ya zawadi. Inachotoa hasa ni jina na kiti cha mbele. Novemba 2021 Google ilibadilisha msimamo, ikaomba CNCF iipokee Knative. Machi 2022 ilipokelewa katika ngazi ya malezi, ambayo ni ya kati kati ya ngazi tatu, na mwaka 2025 ikahitimu.

Hata hivyo, tusiufanye wakfu kuwa dawa ya kila ugonjwa. IBM ilikuwa na programu yake ya "bila seva", OpenWhisk, na iliitoa mapema sana: mwaka 2016 ilikwishaingia Apache, na mwaka 2019 ikahitimu huko. Hakuna aliyeweza kulalamika kuhusu jina wala kamati. Lakini mwaka 2024 IBM ilifunga huduma yake iliyojengwa juu ya OpenWhisk, ikawaelekeza wateja kwenye huduma nyingine ambayo ndani yake inatumia Knative. Wakfu ulilinda mali, haukuweza kulazimisha mtu aje kulima. Shamba la wakfu lisilo na wakulima hugeuka pori kama shamba lingine lolote.

Na walimu wangu wa Kiswahili watanisahihisha, kwa haki, kwamba Linux Foundation si wakfu kwa maana kamili. Ni chama kisicho cha faida kinacholipiwa ada na kampuni wanachama, na kampuni hizo ni pamoja na Google, Microsoft na Amazon zenyewe. Neno linabeba nia, sheria halibebi. Lakini nia yenyewe si ndogo: washindani wanakubali kukaa meza moja ambayo haimilikiwi na yeyote kati yao.

Kwa nini nawaeleza haya wasomaji ambao wengi hawaandiki msimbo? Kwa sababu wengi wetu tunatoa kazi ya bure kwa vitu vya watu: tunatafsiri programu, tunarekodi sauti zetu za Kiswahili, tunajaza orodha za maneno. Kabla hujatoa usiku wako, uliza: jina ni la nani? Nani anahesabu kura? Mwenye nacho akiondoka, nini kinabaki?

Maswali hayohayo yanatuhusu hapa chamani. Anwani ya tovuti yetu, barua pepe ya chama na hifadhi ya matoleo ya zamani ya jarida hili vinasimama kwenye akaunti za watu binafsi, watu wema, ambao kila miaka mitatu wanahitimu na kwenda zao. Napendekeza katika mkutano ujao tuviweke chini ya kamati, kwa jina la chama, na funguo zishikwe na watu watatu, mmoja wao awe mwalimu. Katibu, tafadhali liweke kwenye ajenda.

Tukijaliwa, tukutane toleo lijalo.