Setilaiti iko angani, swichi iko Dar



Kila tukikutana Watanzania wa huku Stockholm nasikia maneno haya: "Subirini, simu zitashika mtandao kutoka angani, hapo hakuna wa kutuzimia." Naomba tuliangalie hili kwa utulivu, maana ni nusu tu ya ukweli.

Nusu ya kweli ni hii. Ericsson, ambao makao yao makuu yako hapa Kista, mwaka 2022 walitangaza pamoja na Thales na Qualcomm mpango wa kujaribu 5G kupitia setilaiti zinazozunguka karibu na dunia. Mwaka huohuo toleo la 17 la viwango vya 3GPP likaiingiza setilaiti rasmi katika mtandao wa simu. Desemba 2025 Airtel Africa nao wakatangaza makubaliano na SpaceX ya kuunganisha simu za kawaida na setilaiti za Starlink katika nchi 14. Kwa mvuvi wa Kojani aliye katikati ya mkondo wa Pemba, ambako mnara haufiki, hiyo ni neema kubwa.

Sasa nusu ya pili. Katika mpango wa aina hii setilaiti hutumia masafa ya kampuni ya simu ya nchi husika, na masafa hugawiwa na mamlaka, kwetu TCRA. Kampuni ikiamriwa kuzima, mnara wa angani nao unazimika. Tusisahau kwamba katika Airtel Tanzania serikali yenyewe ina hisa asilimia 49. Waganda wameshaonja: Januari 2026, kabla ya uchaguzi, Starlink ilizima huduma nchini mwao kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano, kwa hoja kwamba haina leseni. Nasi tunaikumbuka Oktoba 29, 2025. Intaneti ilikatwa nchi nzima, siku kadhaa WhatsApp tiki moja tu, hujui mama mzima au vipi.

Kwa hiyo tusidai setilaiti peke yake, tudai na sheria. Leseni ziandikwe wazi kwamba mtandao hauzimwi bila amri ya mahakama iliyotangazwa hadharani, na kwamba ujumbe wa dharura, hasa wa baharini, hauzimwi kamwe wala hautozwi hata senti. Mlio nyumbani, waulizeni wabunge wenu sasa, kabla huduma haijaanza. Ikishaanza, hakuna atakayewasikiliza.